Namba Inayopanda Alfajiri

Saa 11 alfajiri mtaani kwetu, Dar es Salaam, hakuna jiko lililowashwa. Mama anayekaanga samaki ng'ambo ya kichochoro bado amelala. Daladala ya kwanza haijapita. Hata jirani yangu wa nyuma, ambaye kuchoma taka kwake ni kama ibada, hajaamka. Lakini kwenye simu yangu namba ilikuwa inapanda. Kihisi nilichokifunga chini ya upenu, kidude cha ukubwa wa kiganja cha mtoto nilichokificha ndani ya elbo mbili za bomba la maji machafu, kilikuwa kinadai kwamba hewa ya saa hiyo ni chafu kuliko ya jana yake saa 2 usiku, mtaa mzima ulipokuwa umewasha mkaa.

Nilimtafuta mchafuzi kwa siku nne. Nilizunguka nyumba nikinusa kama mbwa wa polisi. Siku ya tano nikapitisha kidole kwenye ukingo wa bati, kikarudi kimelowa. Ulikuwa umande.

Katika maandiko ya miradi ya kupima hewa niliyopata kuyasoma kuna safu ya vifaa, safu ya mafunzo, na safu ya uzinduzi yenye chakula cha mchana na fulana. Safu ya umande sijaiona. Wala ya buibui, ambaye nitamfikia.

Aliyewahi kulala nyumba ya makuti anakijua kihisi hiki kabla hajakiona. Jua la saa 3 likipenya kwenye tundu la paa, mstari wa mwanga unasimama katikati ya chumba na ndani yake vumbi linacheza. Pembeni ya mstari vumbi lipo vilevile, ila jicho halilipati. John Tyndall, mwanafizikia aliyefanya kazi London, alilishughulikia jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1860. Alipitisha mwale mkali katika hewa ya chumba, akaweka moto chini yake, akaona sehemu ile ya mwale ikigeuka giza: kwa alivyoelewa yeye, chembe zilizokuwa zinang'aa zilikuwa zimeungua. Akatambua kwamba sehemu kubwa ya kilichoelea hewani si mchanga, ni vitu vya asili ya viumbe hai, na mwaka 1870 akatoa mhadhara juu ya vumbi na maradhi. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie akaandika hesabu kamili ya namna tufe dogo linavyoutawanya mwanga. Yeye alikuwa anataka kueleza rangi za punje za dhahabu zilizo ndani ya maji. Hakuwa na habari na moshi wa mtu.

Kihisi cha leo ni tundu la makuti lililotiwa ndani ya kiboksi. Kuna leza ndogo nyekundu, kuna feni inayovuta hewa, na kuna jicho la kielektroni lililowekwa ubavuni ili lisiitazame leza uso kwa uso. Hewa ikiwa safi, jicho linaona giza. Chembe ikikatiza, mwanga unatawanyika na kidogo kinaingia kwenye jicho. Kutokana na mmweko huo kifaa kinakisia ukubwa wa chembe na idadi yake, kisha kinakisia uzito, na kutoa namba: mikrogramu kadhaa kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Chembe zinazotafutwa hasa ni zile za mikromita 2.5 kushuka chini, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani una upana wa karibu chembe 30 zikipangwa bega kwa bega. Ndizo zinazopita pua na koo zikafika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya mwongozo wake Septemba 2021, lilishusha wastani wa mwaka unaovumilika kutoka mikrogramu 10 hadi 5.

Angalia hapo nilipoandika kinakisia, mara mbili. Mwongozo wa afya unazungumzia uzito, na kihisi hakina mizani. Kinaona. Kati ya kuona na kupima uzito pana safari ndefu, na katika safari hiyo ndimo miradi mingi inamopotelea.

Muuza mchele wa Tandale anaelewa hili kuliko wataalamu wengi. Mizani yake huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na mteja akiitilia shaka anajua pa kwenda. Lakini mtu akimwambia, "Mimi nakadiria kilo kwa kuutazama mfuko," atacheka, kisha atauliza: mchele wa wapi? Mkavu au uliolowa? Kwa macho mfuko wa pumba na mfuko wa mchele unaweza kulingana. Hewani mambo ni hayo hayo. Masizi ya dizeli ni meusi, yanaumeza mwanga badala ya kuutawanya, hivyo kihisi huyapunja. Vumbi la barabara lina punje kubwa na nzito. Feni yenye nguvu ya kupeperusha unyoya haizivuti zote, nyingi hupita mlangoni bila kuingia. Na chumvi ya bahari, ambayo upepo wa Dar, Tanga na Mombasa umeibeba siku zote, ina tabia ya ajabu: unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, punje kavu inanyonya maji, inavimba na kuwa tone. Kihisi kinaona tufe nono linalong'aa, kinaandika uchafu. Sehemu kubwa ya kilichoandikwa ni maji.

Mashine kubwa za vituo rasmi, zile za makumi ya maelfu ya dola, zinalijua tatizo hili tangu kuundwa kwake. Aina moja inayotumika sana inavuta hewa kupitia utepe wa kichujio na kupitisha mionzi ya beta ndani ya uchafu ulionasa. Mionzi inavyopungua ndivyo uzito ulivyoongezeka. Kabla ya hapo hewa hupita kwenye bomba lenye joto ili ikauke. Hata njia ya zamani kuliko zote, ya kupima kichujio kwenye mizani ya maabara, inadai kichujio kikae kwanza siku nzima katika chumba chenye unyevu na joto vilivyodhibitiwa. Kwa hiyo namba rasmi ya uchafu wa hewa ni namba ya uchafu uliokaushwa. Kihisi changu cha makumi ya dola hakikaushi kitu. Kinapokea hewa ya alfajiri na umande wake wote, kama mtu anayepima nguo kwenye mizani zikiwa zimetoka kufuliwa.

Je, kifaa kitupwe? Hapana. Kosa lenye tabia inayojulikana linaweza kurekebishwa, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Marekani, baada ya vihisi vya kampuni ya PurpleAir kuenea majumbani, shirika la serikali la mazingira liliweka baadhi yake kando ya mashine rasmi katika majimbo mengi na kutafuta fomula ya kurekebisha. Ile ya mwanzo ilikuwa fupi: chukua namba ya kihisi uzidishe kwa 0.524, utoe unyevu wa hewa uliozidishwa kwa 0.0862, ujumlishe 5.75. Kihisi kikisema 60 na unyevu ukiwa asilimia 80, jibu ni kama 30. Nusu. Kuanzia Agosti 2020 namba zilizorekebishwa hivyo zilionekana kwenye ramani yao ya moto na moshi, na watu wa California waliokuwa wanaishi chini ya anga la rangi ya chungwa waliweza kujua moshi umefika kata ipi.

Kishawishi ni kuichukua fomula hiyo na kuja nayo. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambamo mtaalamu mshauri alifanya hivyo hivyo, kwa ujasiri wa mtu mwenye ndege ya kuwahi. Lakini ile fomula ilifundishwa na hewa ya kule: moshi wa misitu ya misonobari, viwanda vyao, ukavu wa nyika zao. Haijawahi kukutana na vumbi jekundu la Kampala mwezi Januari, wala mkaa, wala taka za plastiki zinazochomwa na majani mabichi, wala chumvi yetu. Kihisi kinachohamishwa mji ni sawa na mpagazi mgeni sokoni: nguvu anazo, njia hazijui.

Waliolielewa hili mapema katika eneo letu ni watu wa Makerere. Mwaka 2015 kundi la wanasayansi wa kompyuta wa chuo hicho, likiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo), lilianzisha AirQo. Walikuwa na sababu ya kujenga chao badala ya kununua cha dukani. Cha dukani kilitarajia soketi ukutani na intaneti ya nyumbani. Wao walikuwa na umeme unaokatika, joto, vumbi, na nguzo za barabarani. Wakatengeneza kifaa chenye sola na betri, kinachotuma vipimo kwa laini ya simu. Ndani yake waliweka vihisi viwili vya aina moja badala ya kimoja. Ujanja huo wa mapacha naupenda sana: vikikubaliana, endelea, vikianza kupingana, mmoja ni mgonjwa, mtume fundi. Vingine wakavifunga kwenye bodaboda, kwa hoja kwamba bodaboda inafika ambako gari la utafiti halifiki na haihitaji kupewa posho ya safari. Mwaka 2019 mfuko wa hisani wa Google uliwapa dola milioni 1.3, mtandao wao ukapanuka nchini Uganda na baadaye kuvuka mipaka.

Picha za magazetini zilikuwa za bodaboda, na ni picha nzuri. Kazi ambayo haipigwi picha ni ya kukalisha vihisi bega kwa bega na mashine rasmi ya beta, wiki baada ya wiki, katika kiangazi na masika, na kuifundisha kompyuta uhusiano kati ya kinachoonekana na kinachopimwa, joto na unyevu wa pale pale Kampala vikiwa ndani ya hesabu. Njia yao waliichapisha mwaka 2022. Ukiisoma unaona wazi kwamba kilichofanya mtandao uaminike ni ile mashine ya gharama inayokaa kimya na kuhakiki vingine vyote. Vifaa vya bei nafuu vinaishi kwa mgongo wa kifaa cha bei ghali. Wafadhili wengi hawapendi kulisikia hilo, kwa kuwa walivutiwa na neno nafuu.

Mwezi Machi 2020 Uganda ilipofunga usafiri kwa sababu ya korona, vifaa vilikuwa tayari nguzoni. Magari yalisimama, jiji likanyamaza, na namba zikaandika mabadiliko siku kwa siku. Jaribio kama lile huwezi kuliombea fedha. Angepatikana mtafiti wa kuandika andiko, likapitiwa, likarudishwa na maoni, likapitiwa tena, bodaboda zingekuwa zimerudi barabarani kitambo.

Sasa nirudi chini, kwenye soketi.

Mradi mmoja niliowahi kuufuatilia, nisioutaja, uliweka vihisi kwenye shule za mji mmoja wa pwani. Ramani ya mwanzo ilipangwa vizuri: shule kando ya barabara kuu, shule karibu na dampo, shule ya pembezoni kwa ajili ya kulinganisha. Timu ilipofika na ngazi, ilianza kuuliza swali ambalo ramani haikuwa nalo: soketi iko wapi? Iko ofisi ya mwalimu mkuu. Basi kifaa kikafungwa juu ya dirisha la mwalimu mkuu, upande wa miti, mbali na madarasa yanayotazama barabara. Shule ya karibu na dampo haikuwa na umeme. Ikaondolewa, ikawekwa nyingine yenye umeme, geti na mlinzi. Mwisho wa siku tulikuwa na ramani nzuri ya soketi za mji ule.

Jambo hili haliepukiki kirahisi, na silicheki. Kifaa kinahitaji umeme, usalama na mtu wa kukiangalia, na vitu hivyo vitatu hupatikana zaidi kwa wenye nacho. Ndiyo maana nauheshimu mpango wa majaribio wa Nairobi wa mwaka 2016, ambapo watafiti walichagua maeneo 6 na kati yake wakaweka makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kule Gigiri kwenye miti, na pia Viwandani, makazi ya mabati yaliyobanana na eneo la viwanda. Umbali kati ya sehemu hizo mbili si mrefu kwa matatu. Kwa mapafu ni nchi mbili.

Kwenye ule mradi wa shule, shida ya pili ilijitokeza Juni. Shule zikafungwa, na mwalimu wa zamu, mtu makini, akazima swichi kuu ili luku isiliwe bure. Vifaa vikafa vyote kwa mwezi mmoja. Zilipofunguliwa, vingine havikurudi kwa kuwa nywila ya intaneti ilikuwa imebadilishwa, na vingine kwa kuwa bando lilikwisha na aliyekuwa analinunua mkataba wake ulikuwa umekwisha pia. Taarifa ya utekelezaji ilisema vifaa vilivyofungwa ni asilimia 100 ya lengo. Ilikuwa kweli. Lengo lilikuwa kufunga.

Lakini kuna shimo baya zaidi kuliko la likizo, nalo ni dogo na la kila siku. Umeme ukikatika jioni, kifaa kisicho na betri kinanyamaza. Saa hizo hizo ndizo watu wanazokoka mkaa, ndizo barabara inazojaa magari yanayorudi nyumbani, na kwa kuwa umeme umekatika, ndizo jenereta zinazonguruma mbele ya maduka. Saa chafu kuliko zote za siku ndizo zisizopimwa. Asubuhi umeme unarudi, upepo umeshasafisha, kifaa kinaamka na kuandika hewa nzuri. Ukichukua wastani wa mwezi wa vipimo vilivyobaki, mtaa unatoka msafi, na kadiri unavyokatiwa umeme ndivyo unavyozidi kutoka msafi. Nilipomweleza hivyo ofisa mmoja alitabasamu, akasema huenda hiyo ndiyo njia nafuu ya kupunguza uchafuzi nchini.

Watafiti wazuri huwa na kanuni: siku isiyotimiza robo tatu ya vipimo vyake haihesabiwi. Kanuni hiyo inasaidia. Inamaanisha pia kwamba mtaa wenye umeme mbovu unaweza kukosa kabisa kuwepo kwenye matokeo, ukabaki doa jeupe katikati ya ramani yenye rangi.

Kuhusu rangi, niseme jambo moja haraka. Programu za simu huonyesha kijani, njano, nyekundu kila dakika, ilhali mwongozo wa afya unazungumzia wastani wa saa 24 au wa mwaka. Mtu akiwasha ubani karibu na kifaa, rangi inakuwa zambarau. Nimepigiwa simu na dada yangu kwa sababu ya ubani.

Na mashine zile za kuhakiki, nani anazo? Kwa miaka mingi, katika miji kadhaa ya dunia ambako serikali hazikuwa na kituo cha kutangaza vipimo vyake, mashine iliyokuwa wazi kwa umma ilikaa juu ya paa la ubalozi wa Marekani. Ilianzia Beijing mwaka 2008, ambako namba zake zilipingana na maelezo rasmi ya jiji na kuleta ugomvi wa kidiplomasia. Baadaye zikafika Addis Ababa, Kampala na kwingineko. Ziliwekwa kwa ajili ya afya ya wafanyakazi wa ubalozi, lakini wanasayansi wa nchi zenyewe wakazigeuza kuwa mizani: ukiwa na kihisi cha bei nafuu, kikalishe karibu na ubalozi, kilinganishe, ondoka na marekebisho yako. Machi 2025 Marekani ikasitisha kutangaza vipimo hivyo, sababu iliyotolewa ikiwa ufinyu wa fedha. Hakuna kihisi hata kimoja kilichozimika mitaani siku hiyo. Vyote viliendelea kupepesa taa zao. Wale waliotegemea paa lile walipoteza mtu wa kuwauliza kama wanasema kweli.

Wenye mashine zao wenyewe, kama Makerere, waliendelea na kazi.

Nchi zetu sheria zinazo. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, Kenya ilitoa zake 2014, Uganda 2024. Zinataja viwango kwa namba. Mkazi wa jirani na kiwanda akitaka kuitumia sheria hiyo na ushahidi wake ni kihisi cha kwenye elbo, wakili wa kiwanda hahitaji kusoma Mie wala Tyndall. Atauliza: kilihakikiwa lini, na nani, dhidi ya mashine ipi? Kama hakuna daftari, kesi imekwisha kabla ya chai ya saa 4. Hata Marekani vihisi hivi havikubaliwi kuthibitisha kwamba sheria imevunjwa. Vinatumika kuonyesha wapi pa kwenda kupima vizuri. Hiyo si kazi ndogo. Mbwa wa mlinzi hasaini hati ya kukamata, lakini bila yeye mlinzi angekuwa amelala. Tatizo ni miradi inayomwahidi mwananchi hakimu, kisha ikamletea mbwa.

Mama wa samaki alikuwa na shaka na kifaa changu tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hicho kidude chako kinapepesa usiku kucha. Hakinipigi picha?"

"Hapana mama. Kinapima moshi."

"Moshi wangu?"

"Wa mtaa mzima."

Aliitazama nyumba yangu, akalitazama jiko lake, akapima umbali kwa macho. "Wa mtaa mzima," alisema, "lakini umekiweka mbele ya jiko langu."

Sikuwa na jibu, maana alikuwa na haki. Nilikiweka pale kwa sababu dirisha la pale ndilo lenye soketi. Kila namba niliyokuwa nimeisambaza kwenye kundi la mtaa kwa jina la hewa yetu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni moshi wa kikaango cha mjane mmoja anayesomesha watoto, na chumvi ya alfajiri juu yake. Lori la taka ambalo halijapita wiki tatu, na kwa hiyo taka zikachomwa, halikuwa mbele ya dirisha langu. Barabara isiyo na lami kule nyuma haikuwa mbele ya dirisha langu. Wenyeviti wa mitaa hupenda namba yenye mtu wa kumnyooshea kidole, na mtu wa karibu siku zote ndiye mwenye jiko.

Nikakihamishia upande wa pili kwa waya mrefu wa kuunganisha, nikanunua na kipima unyevu cha bei ndogo ili nijue alfajiri zipi nisiziamini. Sikuwa na mashine ya kulinganisha, na bado sina. Nilichoweza kufanya ni kuangalia mwenendo badala ya namba: leo kulinganisha na juzi, jioni kulinganisha na mchana, unyevu ukiwa mmoja. Kwa mtu wa kawaida hiyo inatosha kumwambia afunge dirisha gani saa ngapi. Haitoshi kumwambia kama mtaa wake umezidi mikrogramu 5 au 50, na nikaacha kuwaandikia watu kwenye kundi kana kwamba inatosha.

Miezi mitatu baadaye vipimo vikawa vya ajabu. Vilipanda ghafla bila mpangilio, saa 7 mchana, saa 9 usiku, vikashuka vyenyewe. Unyevu haukuhusika. Nikapanda stuli, nikafungua elbo. Ndani, katikati ya njia ya hewa, buibui mwembamba wa kahawia alikuwa ametandika utando nadhifu kabisa, na kila alipotembea mguu wake mmoja ulikatiza kwenye leza. Pale chini ya bomba palikuwa na mabawa ya mbu na unga mwekundu kama wa matofali. Nikamtoa kwa brashi ya rangi, nikapuliza vumbi, nikafunga kipande cha neti kwenye mdomo wa bomba. Namba zikatulia siku hiyo hiyo.

Nikafungua vipimo vyangu vya miezi mitatu ili niondoe vile alivyoviharibu. Hapo nikagundua kwamba sikuwahi kuandika popote tarehe niliyokifungua mara ya mwisho. Nilianza kufuta wiki moja, nikasita, nikafuta mbili, kisha nikabaki nimeshika simu.

Mama wa samaki alikuwa anakoka jiko. Alinikuta bado niko juu ya stuli na brashi mkononi.

"Kimesemaje leo?"

"Alikuwemo buibui, mama. Sasa sijui aliingia lini, kwa hiyo sijui namba zipi ni za hewa na zipi ni zake."

Alipepea mkaa kwa kipande cha boksi, mara tatu nne, hadi ukashika.

"Si ungemuuliza kabla hujamfukuza?"